Biki Nyekundu ya Prof

Jina lake sitaliandika. Niliisha kuliandika mara moja, kwa mkono wangu, mahali ambapo halikupaswa kuandikwa, na ile mara moja ilitosha. Wote walimwita Prof, basi na mimi nitamwita Prof, ingawa hakuwa profesa wa chuo chochote. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, waulizeni wengine. Mimi namjua kuanzia mlango wa chumba chake kuingia ndani.

Chumba chenyewe kilikuwa Butembo, nyuma ya duka la misumari na mabati. Ndani mlikuwa na kompyuta sita za zamani, sisi tunaziita mashini, na wanafunzi kumi na tisa. Alitufundisha PHP, lugha ya kutengenezea kurasa za intaneti, zile zinazopokea kitu unachoandika na kukitunza. Alitufundisha kwa chaki. Watu wa Kinshasa nikiwasimulia wanacheka, lakini ni kweli kabisa: miezi mitatu ya kwanza hatukugusa mashini hata kwa bahati mbaya. Umeme ulitoka kwa jenereta ya mwenye duka, masaa mawili, Jumamosi tu, na Prof hakukubali masaa yale yaliwe na mtu anayetafuta herufi A kwa macho. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kaye, daftari la shule la mistari, na programu yote iliandikwa kwanza mle. Ijumaa tunamwachia kaye zetu, anakwenda kuzisahihisha nyumbani kwa biki nyekundu. Jumamosi unakopi kwenye mashini ulichoandika wewe na alichosahihisha yeye, mstari kwa mstari. Ukimaliza, kaye inarudi kwenye sanduku lake la bati, ili mwenzako asikuibie.

"Mukono njo inajifunza," alikuwa anatuambia, yaani mkono ndio unaojifunza. "Mashini inapokea tu."

Na pointi zake zilikuwa chungu. Nne juu ya kumi. Tano juu ya kumi, hapo amefurahi. Chini ya ukurasa aliandika Vu, lile neno la Kifaransa ambalo walimu wetu wote wanaliandika, maana yake ameona; halafu pointi; halafu sahihi yake yenye mkia mrefu. Ila ukikuta Vu peke yake, bila pointi, ujue umekwisha. Ameona, na alichokiona hakistahili hata sifuri. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, alilia mbele yetu sote kwa ajili ya Vu tupu. Prof alimpa kitambaa chake apanguse machozi, lakini pointi hakumpa.

Nisiseme uongo, alikuwa na mema yake. Kwanza aliketisha wanawake kwenye mashini, kisha wanaume, na mwanaume aliyenung'unika alitumwa kuchota maji ya ndoo ya mlangoni. Ulikuwa mwaka wa Ebola, ugonjwa ulikuwa umetokea Mangina na kufika kwetu, na hakuna aliyeingia popote bila kunawa maji ya klori. Kaye zetu zote zilinuka klori. Saa sita alikata avokado kwa rula yake ya chuma na kugawa kwa kila aliyekuja bila chakula, na alijua ni nani, maana alikuwa anatazama midomo yetu wakati wa kusoma kwa sauti.

Lakini yule aliyetukalipia kwa uvivu wa vidole, mwenyewe alipiga herufi kwa vidole viwili. Tulimtania kwa siri: kidole kimoja hakivunji chawa, yeye anavunja na viwili. Alijifunza peke yake kwenye kitabu alichonunua Kampala, kitabu kilichokosa kurasa za katikati, na zile kurasa zilizokosekana hakuwahi kuzitafuta. Ndiyo maana hadi leo nikikutana na programu ya mtu aliyesoma kwake naijua mara moja. Tarehe zetu sote ziko vibaya namna moja. Ukimwambia kuna jambo halijui, alijibu kwamba lingekuwa la lazima lingekuwa kwenye kitabu.

Simu yake aliizima Jumamosi mchana, akaiwasha Jumatatu asubuhi. Jumapili ni ya Mungu na ya usingizi, alisema, na Mungu hanipigii simu. Jumatatu jambo la kwanza lilikuwa kumpigia mama yake. Mama huyo mzee alikaa Kayna, kusini kwenye barabara kubwa, na kila wiki alimtumia mwanawe kitu kwa dereva wa lori: viazi, maharagi, vitunguu vya majani vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Prof, mtu mzima mwenye mvi, alifungua kile kifurushi mbele yetu bila haya. "Batoto, mashini haina mama," alisema siku moja akinusa vitunguu. "Haitakuuliza kama umekula." Tulimjua mama yule bila kumwona. Nilijua hata anaumwa goti gani.

Kulikuwa na jambo lingine alilolichukia, nalo ndilo lililotumaliza. Anayejifunza programu lazima aijaribu, na ili kuijaribu anaandika jina lolote la kipuuzi: toto, titi, tata. Kila mwanafunzi wa dunia anafanya hivyo. Prof hakutaka. Toto ni nani? aliuliza. Anakaa wapi? Mashini ukiizoesha uongo, utazoea na wewe. Alidai jina la mtu wa kweli, wa kijiji cha kweli. Halafu tena tulifanya majaribio yetu moja kwa moja kwenye seva, ile mashini ya mbali ambamo ukurasa unakaa na dunia nzima inausoma, kwa sababu mashini zetu za zamani zilikuwa dhaifu, hazikuweza kubeba seva ya mazoezi; tukimaliza kujaribu tunafuta. Leo najua hakuna fundi anayefanya hivyo. Wakati ule nilifikiri ndivyo kazi inavyofanywa.

Na ukurasa wetu ulikuwa wa nini? Wa matangazo ya vifo. Kwetu mtu akifa, familia inapeleka komunike kwenye redio. Inataja jina, inataja pa kuzikia, na mwisho inasema: habari imfikie fulani wa Kampala, imfikie fulani wa Lubero. Na ni desturi, nani asiyeijua: ukisikia komunike, na aliyetajwa unamfahamu, ni juu yako kumpelekea, hata kama mvua inanyesha, hata kama mlikosana. Mwaka ule vifo vilikuwa vingi, na watu hawakuweza kusafiri kwenda kulia. Tukatengeneza ukurasa wa komunike, na mimi ndiye niliyeandika sehemu kubwa. Ulipita kwenye simu za watu mpaka Kampala, mpaka Goma. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na shule moja ilikuwa imekwisha sema itanichukua kazini kwa sababu ya ukurasa ule. Nilikuwa na kiburi, nakiri.

Wiki ile nilikuwa naandika fomu mpya, ili familia ijaze yenyewe. Wenzangu walijaribu kwa majina ya wafu wao, babu na bibi. Mimi mfu wangu alikuwa mmoja, yaya wangu, kaka niliyemfuata, aliyeuawa shambani upande wa Mangina miaka miwili kabla. Nilikaa na biki juu ya kaye, nikashindwa. Sikutaka kumfisha mara ya pili kwa sababu ya zoezi. Na Jumamosi iliyotangulia Prof alikuwa amenipa Vu tupu. Basi kwa uchungu ule, na kwa utundu, nikaandika jina lake yeye. Amefariki leo asubuhi, hospitalini Butembo. Habari imfikie mama yake mzazi wa Kayna.

Nilimwachia kaye nikicheka peke yangu, nikingoja anikalipie. Hakunikalipia. Jumamosi nilikuta mekundu mengi kama kawaida, na chini Vu, na tisa juu ya kumi. Tisa! Hakuna aliyewahi kupewa tisa. Nikasema kumbe mzee anajua mchezo. Nikakopi kila kitu, mekundu na meusi, bila kuuliza haya mekundu ni ya kazi gani, maana nani anaiuliza tisa? Nikabonyeza. Ukurasa ukageuka kidogo, halafu jenereta ikanyamaza na mashini zote zikafa. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Hapa ndipo utamcheka mwanafunzi. Niliamini kwamba kilichokuwa kwenye mashini kimekufa pamoja na mashini. Mara ngapi nilikuwa nimepoteza maneno yangu umeme ukikatika! Sikufahamu bado kwamba nikibonyeza, maneno hayako tena kwangu, yamekwenda kukaa mbali, mahali ambapo jenereta ya Butembo haina neno. Niliweka kaye sandukuni, nikaenda nyumbani kupika sombe, majani ya muhogo. Prof alizima simu yake, akaenda zake.

Mtu wa Kayna aliusoma ukurasa jioni ileile. Alifanya kilicho haki: aliinuka akampelekea mama. Wakapiga simu ya Prof, imezimwa. Wakapiga Jumapili asubuhi, imezimwa. Na mama alijua, kama kila mtu alivyojua mwaka ule, kwamba maiti za hospitalini zilifungwa kwenye plastiki na kuzikwa na watu wageni, upesi, bila kungoja mtu. Akasema hatazikiwa mtoto bila yeye kuuona hata mfuko. Akapanda pikipiki kwenye mvua. Walianguka kwenye mteremko wa matope kabla ya kufika Lubero, na nyonga yake ikavunjika.

Prof alimkuta hospitalini Jumatatu. Alipoingia mlangoni, mama alimtazama, akatulia, akamwambia: "Umekuja kunichukua." Walimwambia mtoto wako ni mzima, mshike mkono, una joto. Alikataa. Aliongea naye kama tunavyoongea na marehemu, kwa heshima, akimwomba ampishe kwanza aage majirani. Wiki tatu baadaye alikufa akiamini hivyo. Hilo nililisikia kwa dada yake Prof, na tangu siku ile halijanitoka kichwani.

Nilimlilia yule mama kama wangu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu hakuna aliyeniruhusu kulia. Baada ya mazishi niliitwa mbele ya wajomba wa Prof, na baba yangu alikuja na mbuzi wa kuomba msamaha, kama inavyotakiwa. Nilisema ukweli wote. Ni mimi niliyeandika, nilikosa, mnisamehe. Lakini nikasema pia: Prof aliona kabla. Alisahihisha, akatia Vu, akanipa tisa. Kaye iko kwenye sanduku lake, ileteni. Wajomba wakamgeukia.

"Kama niliona jina yangu pale kwa bale bamekufa, ningenyamaza?" Prof alisema polepole, akitazama mikono yake. "Ile kaye sina. Haikuwa mu sanduku."

Nani angeniamini? Kwamba mwalimu alisoma tangazo la kifo chake mwenyewe akatia tisa? Mjomba mmoja alicheka, na kicheko kile kilikuwa ndiyo hukumu. Mbuzi alipokelewa, akachinjwa, akaliwa. Baba yangu alikula nao kwa unyenyekevu. Prof hakula karibu yangu, na kabla hatujaondoka alisema mbele ya wote kwamba sitagusa tena mashini yake. Nilikuwa nimemuua yeye na mama yake, alisema, na juu ya hayo nimekuwa mwongo.

Kuua ningekubali nusu. Uongo, hapana. Lakini mji ulikuwa umechagua. Walinipachika jina, Komunike. Sokoni wauza mboga waliambiana kwa mzaha, usimwambie yule jina lako. Ile shule ikanyamaza. Mama wa mchumba wangu alituma watu kusema hawezi kumpeleka mwanawe kwa mwanamke mwenye biki ya namna hiyo. Na baba, baba yangu aliyenipenda, aliniuliza mara moja tu, tukiwa wawili: "Masika, ile tisa, uliiona kweli, ao uliiota?" Nikamwambia niliiona. Akatikisa kichwa, na nikajua hakuniamini. Hilo liliniuma kuliko jina la sokoni.

Nilihamia Beni kwa shangazi. Nikaendelea kujifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na leo natengenezea wanunuzi wa kakao kurasa zao. Nimefanikiwa, wanasema. Na tazama ubaya wa mambo: hadi leo siandiki programu bila kuiandika kwanza kwa mkono. Siandiki toto. Nasahihisha kwa nyekundu. Vijana wa ofisini wananitania, nami nasikia sauti ya mtu aliyeniangamiza ikitoka mdomoni mwangu, na ni sauti nzuri ya mwalimu mzuri. Namchukia zaidi kwa sababu ya hilo.

Miaka sita ilipita hivyo. Mwezi uliopita nilikwenda Mavivi, kwenye uwanja wa ndege, kupokea kifaa cha intaneti kutoka Goma. Ndege ilichelewa. Nikatembea kidogo kando ya barabara, na chini ya paa la bati lisilo na ukuta nikasikia mtu anasema: mukono njo inajifunza.

Alikuwa amekonda. Chaki ileile, tablo ileile nyeusi ya kuandikia, na wanafunzi wake sasa walikuwa wake za wanajeshi, wanaomjibu kwa Lingala. Mashini ilikuwa moja. Aliniona, akamaliza kwanza mstari aliokuwa anauandika, maana hakuwahi kuacha mstari katikati, kisha akawapa watu wake mapumziko.

"Masika."

"Prof."

"Nilijua siku moja utapita. Ndege ikichelewa, kila mutu anapita hapa."

Hakunipa kiti. Aliinama kwenye lile sanduku la bati, na kutoka chini kabisa akatoa kaye ya bluu yenye jina langu. Aliifungua bila kutafuta ukurasa. Ilifunguka yenyewe, kama inavyofanya kaye iliyofunguliwa mara nyingi mahali pamoja. Nikaona mwandiko wangu wa miaka ishirini na moja. Jina lake. Habari imfikie mama yake mzazi wa Kayna. Chini, Vu, tisa juu ya kumi, sahihi yenye mkia. Sikuwa nimeota.

Halafu nikaona kitu kingine, ambacho siku ile nilikikopi bila akili na ambacho leo nakifahamu kwa kukitazama tu. Katikati ya mistari yangu kulikuwa na mstari mmoja mzima kwa nyekundu, mwandiko wake. Ulikuwa mstari unaoiamuru seva itunze kilichoandikwa. Mimi niliusahau. Fomu yangu jinsi nilivyoiandika isingetunza neno hata moja. Ningebonyeza, yale maneno yangepotea, na kule Kayna mama angelala salama. Yeye ndiye aliyeutia.

"Sikusoma jina," alisema. "Nilisoma kazi tu. Kazi ilikuwa muzuri, ilikosa mustari moja."

Nikamwuliza aliiona tena lini hii kaye.

"Siku ya tatu ya matanga."

"Mbele, kabla baba yangu hajaleta mbuzi."

"Mbele."

"Na ulisema hauna."

Alikaa kwenye benchi la wanafunzi. "Mama alikufa akisema mimi ni muzimu," alisema. "Ningeambia bajomba nini? Kama mimi njo nilitia mustari? Wewe ulikuwa kijana. Nilisema utapona." Aliongea akinitazama, na machozi yalikuwapo, siwezi kuyakataa. Nilimwambia baba yangu amekufa mwaka jana. Akasema anajua, aliisikia komunike kwenye redio, hata kwamba habari imfikie binti yake Masika wa Beni. Alikuwa Mavivi, mwendo wa pikipiki tu kutoka kwangu, na kaye ilikuwa sandukuni. Ile habari aliiacha wengine wanipelekee.

"Beba kaye yako," alisema. "Na unisamehe, mwanangu. Nilikuwa naingoja hiyo tu."

Kaye ya nini tena? Aliyepaswa kuisoma yuko chini ya udongo Butembo, alikufa akidhani binti yake ni mwongo na mbuzi wake alikwenda kwa haki. Ndege ilikuwa imekwisha tua, niliisikia. Nikanyosha mkono, naye akanyosha wake akidhani tunashikana. Mimi nilichukua biki nyekundu kutoka mfuko wa shati lake. Chini ya ile sahihi yenye mkia nikaandika Vu, nikaweka sahihi yangu, nikamrudishia kaye.

Nilipofika barabarani niligeuka. Alikuwa ameiinua kwenye mwanga, anasoma, safari hii polepole, neno kwa neno. Kisha akageuza ukurasa, kutazama kama pointi nimeziandika nyuma.